Salamu Nilizombebea Mzee Odera

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sitasimama kukusubiri. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kisumu, mchana, jua likiwaka. Sikuota wala sikuwa na homa. Nauza rangi na misumari pale Kondele, na sina muda wa kuona visivyokuwepo.

Mimi ni mwanachama wa klabu ya kujitolea. Tunapanda miti, tunachimbia shule vyoo, na mafuriko yakiingia Ahero tunapeleka blanketi. Kila Alhamisi tunakula chakula cha mchana pamoja katika hoteli moja karibu na ziwa, na kabla sahani hazijafika kila mtu husimama atoe habari zake za wiki. Mmoja ng'ombe wake amezaa, mwingine binti yake ameitwa chuo, mwingine amegombana na mwenye nyumba. Tunayapigia makofi yote. Na mwenzetu akiwa mgonjwa, lazima mtu asimame alete salamu zake. Hilo hatulichezei.

Aliyeniingiza humo ni Mzee Odera, mwenye kinu cha kukoboa mpunga kule Ahero. Nilipokuja kutoka Nyeri sikujua mtu, na kuna waliokuwa wakinitazama kwa jicho la pembeni. Yeye aliniketisha karibu naye akatangaza, "Huyu anaitwa Mama Rangi. Mwenye kumsumbua, amenisumbua mimi." Jina likanishika, na nikawa mtu miongoni mwa watu.

Basi Mzee akalazwa hospitalini, upande wa Kombewa. Mwenyekiti akanituma nikamwone Jumapili, maana nina pikapu, na kila mtu alijua tulivyopendana. Niliitikia kwa moyo wote. Jumapili akatokea fundi anayetaka rangi ya kanisa zima, nikafungua duka. Nikajiambia nitaenda mchana. Mchana nikajiambia jioni. Si unajua mambo hayo? Jioni ilinikuta nimelala kwenye kochi na viatu miguuni.

Alhamisi mwenyekiti akaniuliza, "Mama Rangi, mzee wetu anaendeleaje?"

Ningesema tu sikwenda. Wangeninunia kidogo, yakaisha. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikasimama, na mdomo ukaenda wenyewe. Nikasema nimemkuta ameketi kitandani, anakula vizuri. Anawasalimu sana. Amesema mwenyekiti abadilishe ile tai yake, inatisha watoto. Amesema kichwa cha ngege, yule samaki wetu wa Alhamisi, asiguse mtu, anakuja kukila mwenyewe. Watu walicheka mpaka wakapangusa machozi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwachekesha.

Kisha mwenyekiti akasema, "Kama ameanza kutuchokoza, huyo amepona. Ile safari tuliyopanga ya kumwona Jumamosi tuiache. Tutamwona akirudi."

Wakakubali wote. Nami nikaketi. Ningeweza kwenda hiyo Jumamosi peke yangu, sivyo? Niliona aibu kumtazama usoni. Sikwenda.

Alhamisi iliyofuata nilifika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu. Mtupu, isipokuwa Mzee Odera. Alikuwa ameketi mahali pake dirishani, amevaa fulana ya klabu juu ya nguo za hospitali, na ndara miguuni. Niamini, furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilimkimbilia.

"Mzee! Wamekuachilia?"

Hakunipa mkono. Mtu yule alikuwa akimpa mkono hata mtoto wa mgongoni.

"Kaa kwanza, Mama Rangi," akasema. "Nisaidie na kitu kidogo tu. Mimi nilisema nini?"

"Ulisema nini wapi, Mzee?"

"Si uliwapatia watu salamu yangu? Nilisema nini juu ya tai ya mwenyekiti?"

Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali ingekuwa nayo. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Wewe ungefanya nini? Nilimwambia. Nilimtolea neno moja moja, naye akarudia nyuma yangu polepole. Tai inatisha watoto. Kichwa cha ngege asiguse mtu. Anawasalimu sana. Pale alipokosea, aliniomba nianze upya.

"Basi," akasema. "Sasa nimesema. Wewe si mwongo tena." Akageuka kuutazama mlango wa ukumbi. "Jumapili niliangalia mlango, mama. Na Jumamosi pia."

Nilipiga magoti nimwombe msamaha. Mhudumu akaingia na sahani, akaniuliza nimeangusha nini huko chini. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu dirishani. Mhudumu aliapa kwamba tangu afungue ukumbi nimeingia mimi tu, na kwamba amenisikia kutoka jikoni nikizungumza peke yangu.

Haukupita muda, mwenyekiti akaingia na simu mkononi. Mzee Odera alikuwa amefariki asubuhi ile.

Kwenye mazishi walinisimamisha niseme, kwa kuwa eti ndimi niliyemwona mwisho katika klabu yetu. Nilirudia yaleyale ya tai na ya samaki kando ya kaburi. Watu walicheka huku wakilia. Mjane wake, Mama Akinyi, alinitazama tu.

Nilikaa na jambo hilo mpaka chakula kikanishinda. Mwishowe nikaenda Ahero kumwungamia. Alikuwa anapeta mchele, na aliendelea kupeta nilipokuwa nikisema.

"Mimi nilikuwa hapo, Mama Rangi," akasema. "Jumapili yote nilikaa karibu na kitanda. Hakuna mtu alikuja."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na watu wanacheka? Mzee alipenda watu wakicheka."

Hapo ndipo nilipomsimulia mambo ya ukumbini. Ungo ulisimama. Hakunishuku hata kidogo. Alisogea karibu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Asubuhi hiyo nilitoka nje kumtafutia uji," akasema. "Kurudi, ameenda. Hakuniaga." Akanishika mkono kwa nguvu. "Na mimi? Alikutuma nini kwangu?"

Hakunituma kitu. Hata jina lake hakulitaja. Nami nilikuwa nimetoka tu kutubu, machozi bado yapo shavuni. Lakini ungeyaona yale macho, msomaji, ungeyaona!

"Alisema nikusalimu sana," nikamwambia. "Alisema ahsante kwa uji."

Alijifunika uso kwa leso, akawa analia na kucheka pamoja. "Ero kamano," akanishukuru, "ero kamano," tena na tena, na kila alipolisema nilitamani kujificha.

Tangu siku hiyo nafika ukumbini mapema kila Alhamisi. Naketi dirishani na maneno yangu tayari, nimfundishe Mzee kama nilivyomfundisha mara ile. Salamu kwa mkeo. Ahsante kwa uji. Sahani zinaletwa, wenzangu wanaingia, habari za wiki zinaanza, na zamu yangu ikifika nasema sina habari. Wanadhani nimezeeka. Mzee hajaja. Uongo wa kwanza aliusamehe kwa sababu aliubeba yeye mwenyewe. Huu wa pili ameniachia.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayesoma. Ukitumwa kumwona mgonjwa, nenda, hata kama duka limejaa wateja. Na salamu za mtu usizipeleke kama hakukutuma, hata ukizitunga kwa huruma. Mama Akinyi hunipigia simu mpaka leo. Ananiomba nimwambie tena vile mumewe alivyosema, na mimi namwambia.