Mpiga pasi aliyeusikia msiba ndani ya wimbo wa mapenzi

Saa nne asubuhi, na Mama Mvuke hatulii. Anashika pasi, anaiweka. Anakwenda mlangoni kuchungulia barabara, anarudi, anapiga pasi kola ambayo ameshainyoosha. Redioni kijana anaimba kwamba mpenzi wake achelewe hata miaka, yeye atamngoja mlangoni na nguo ile ile aliyoagwa nayo.

"Zima hicho kitu, jamani."

"Mwenzetu, mapenzi yamekukosea nini?" anamtania mfuaji, mwenzake wa miaka mingi katika duka hili la dobi.

"Mapenzi gani? Huo ni msiba uliotiwa ngoma."

Msiba anaousema aliwahi kuucheza mwenyewe. Ujanani alikuwa mwigizaji wa kikundi cha mtaa, na waliigiza tanzia moja ya kale: bibi harusi anakataa kuvua gauni, anashinda mlangoni akimngoja bwana harusi aliyekwenda vitani. Mama Mvuke ndiye aliyekuwa yaya wake. Yaya anajua kwamba bwana harusi ameshakufa, lakini kila akiulizwa, kwa huruma, anajibu, "Yuko njiani." Siku jeneza linapopita mbele ya nyumba, bibi harusi anaanguka pale pale, haamki tena.

"Watu walilia mpaka mabenchi yakatikisika," anakumbuka. "Mimi nilikuwa naogopa tu kusahau maneno yangu, na yenyewe yalikuwa mawili!"

Wimbo huu ulipotoka, binti yake wa pekee, ambaye ni msusi, aliufanya dawa. Mchumba wake alikuwa amesafiri kutafuta kazi. Simu zikapungua, kisha zikakatika. Binti akaacha kwenda saluni, akawa anashinda sebuleni. Wimbo ukiisha, anaurudisha mwanzo.

"Mama, atakuja kweli?"

"Atakuja, mwanangu. Yuko njiani."

Kumbe mama alikuwa ameshaambiwa na dada wa yule kijana: kaka yake ameoa huko huko.

"Siku moja nakunja shuka hapa, wimbo ukaanza, nikaisikia sauti yangu nikimjibu mwanangu," anasimulia. "Sauti ile ile ya jukwaani. Nikasema, mimi si yaya wa mtu, mimi ni mama yake."

Alitoka mbio na aproni kiunoni, bila kuaga. Nyumbani alizima wimbo, akasema bila kukaa, "Ameoa, mwanangu. Nilijua, nikakuficha."

Binti alimtazama kama anayemtazama mwizi. "Bora ungeniua," akasema, akajifungia chumbani.

"Nilikaa sakafuni nje ya ule mlango, sikio kwenye ubao, nikisikiliza kama anapumua."

Binti yu hai, na amerudi saluni. Lakini mama anaambulia shikamoo tu, basi. Wanakula meza moja kama abiria wasiojuana. Ndiyo maana pasi haimkai mkononi, na kila nyayo za mwanamke zikisikika nje, yeye huyo mlangoni.

Jumamosi amepanga kwenda saluni kwa binti yake, kama mteja mwingine yeyote, asukwe mistari ile midogo kabisa. Hajamwambia.

"Ile haiishi kusukwa upesi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anavuta kiti. "Hawezi kunikimbia na kichwa changu kiko mikononi mwake. Akitaka kunivuta nywele, anivute. Lakini tutaongea."