Asteria na Geti la Ndiva

Wifi yangu Asteria akiwa kazini huwa haongei na watu, anaongea na kompyuta. "Simama hapo basi," anaiambia. "Mbona unapita?" Mwanangu Jenifer, aliyeanza kutambaa juzijuzi, akisikia hivyo anatulia kabisa, anadhani anaambiwa yeye.

Asteria ni mdogo wa mume wangu. Anaandika programu katika chumba cha kupanga pale Same mjini, ila wiki ile alikuwa kwenye meza yangu ya chakula huku mlimani, juu ya Makanya. Ndiva ndiyo iliyomleta. Ni bwawa letu: maji ya kijito yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Yeye ndiye aliyetuwekea geti linalojifungua lenyewe bwawa likijaa. Sasa likawa linafunguka bwawa likiwa nusu. Maji yanaishia mashamba ya juu, na maharage ya walio chini yananyauka.

Mzee Eliufoo, mwenyekiti wetu wa maji, akaja mpaka mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu, geti lako lina tabia ya mtoto anayefunua sufuria makande hayajaiva."

"Nalitafuta kosa, baba."

"Litafute. Kesho likifunguka mapema tena, naling'oa. Tunarudi kwenye ubao wetu wa zamani wa kuzibia maji."

Alipoondoka, Asteria alibaki anakuna meza kwa kucha. Nikamwuliza kinachomshinda ni nini.

"Nimeweka kituo, wifi. Programu ikifika kwenye kipande kinachosoma kina cha maji, isimame nione imebeba nini. Haisimami! Inapita tu, geti linafunguka."

Nikamsogezea uji, nikaendelea kuchambua mchicha. Uji ukapoa. Mara akapiga kofi mezani, Jenifer akaanza kulia.

"Kile kipande hakipo pale!" Akamnyanyua mtoto, akawa anambembeleza huku ananieleza. Kompyuta inapogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, ikiona kipande ni kifupi inakinakili ndani ya kila sehemu inayokihitaji, ili kazi iende haraka. "Ni kama kiitikio kitabuni, kimeandikwa mara moja. Mwalimu wa kwaya akikunakilia wimbo na kiitikio chake baada ya kila ubeti, utarudi kitabuni kukitafuta? Mimi nimekaa kitabuni nasubiri waimbaji."

"Si uikataze kunakili?"

"Nilishaikataza. Nikiikataza, geti linakuwa na adabu na kosa silioni."

Basi akatafuta nakala moja baada ya nyingine, kila moja akaiwekea kituo chake. Safari hii programu ikasimama. Nakala za mwanzo zilikuwa sawa. Kwenye ile inayoanza kazi maji yakifika nusu, isubiri bwawa lijae, akacheka peke yake. Pale programu ilikuwa haiangalii maji tena. Ilishikilia kipimo cha zamani, cha bwawa lililojaa jana. Akaongeza neno moja, la kuilazimisha ichungulie maji upya kila mara. Neno moja tu! Kisha akanywa uji wake wa baridi wote.

Kabla hakujapambazuka tulikuta watu wamejaa ukingoni mwa ndiva. Mzee Eliufoo alikuja na nyundo, na ule ubao ameubeba begani. Maji yakafika nusu. Asteria alikuwa ameshika ncha ya khanga yangu, nadhani hata hakujua. Nusu ikapita, geti kimya. Maji yakapanda taratibu mpaka jua likatoka, yakalamba jiwe la juu, ndipo mota ikanguruma na geti likainuka. Maji yakashuka mfereji mzima, mpaka kwa wa chini kabisa.

Mzee Eliufoo akautua ubao, akamwambia mkewe, "Huu kaupasue uwe kuni."

Mimi nilimgeukia mama aliyesimama karibu yangu. "Yule ni wifi yangu," nikamwambia.

"Tunajua," akasema. "Tangu geti liwekwe unatuambia."