Mchezo Uitwao Sanda

Mama yake Brashi aliposikia jina la mchezo, alikaa chini.

"Sanda? Si nguo ya maiti hiyo?"

"Ni Kichina tu, Mama. Ngumi, mateke na kuangushana."

"Kichina au si Kichina, jina limejitaja lenyewe."

Brashi alikuwa mpaka rangi wa majumba, mwembamba wa kilo hamsini na mbili. Mama hakujua kwamba bintiye naye alikuwa na hofu yake, tena si ya jina. Miaka miwili nyuma, akipaka ukuta wa ghorofa ya pili, ubao ulimteleza miguuni akaangukia lundo la mchanga, akavunjika mkono. Mkono uliunga; moyo haukuunga. Na sanda ya mashindano huchezwa juu ya jukwaa lisilo na kamba, limeinuka hadi kiunoni. Ukidondoka mara mbili katika raundi moja, raundi imekwenda. Nchini kwao timu ilijifunzia kwenye mikeka sakafuni, kwa hiyo siri yake haikuonekana.

Siku ya pambano la robo fainali, kwenye michezo ya mataifa chungu nzima huko ugenini, mjomba wake, ambaye ndiye kocha, alikuwa akimfunga glavu.

"Mbona mikono ya baridi?"

"Kiyoyozi."

"Kimezimwa tangu asubuhi."

Brashi akameza mate. "Mjomba, naogopa ukingo. Tangu nilipoanguka kazini."

Mjomba aliacha kufunga. "Umekaa nalo muda wote huo?"

"Ungenitoa kwenye timu."

"Ningekutoa, ndiyo," akasema, akaendelea kufunga kwa sababu jina lilikuwa limeshaitwa.

Mpinzani alikuwa mfupi, mabega kama kabati. Raundi ya kwanza alimsukuma Brashi nje mara mbili. Magodoro yalikuwepo chini, lakini pale hewani Brashi hakukumbuka godoro. Alikumbuka mchanga tu, na pumzi ikamkatika kabla hajagusa chini.

"Kaa katikati," mjomba alimwambia wakati wa mapumziko, akimmwagia maji kisogoni. "Usiende kwake. Mwache aje."

Alikaa katikati kama aliyepigiliwa misumari. Mwamuzi akamwonya kwa kutopigana. Teke lilipokuja ubavuni, alilidaka, akaung'ang'ania ule mguu kwa woga mtupu, na mwenye mguu akaenda chini. Likaja jingine, akalidaka tena. Raundi ya pili ikawa yake.

Ya tatu ilimfikisha alikokuogopa. Visigino vyake vilikuwa vimeshatoka nje ya ukingo alipomkumbatia mpinzani kiunoni, akafumba macho, akajizungusha. Alipoyafumbua alikuwa peke yake jukwaani, kapiga magoti, mwenzake yuko chini kwenye magodoro. Aliichukua raundi hiyo kwa pointi chache, na pambano pamoja nayo, akatoka moja kwa moja hadi chooni kutapika.

Nusu fainali alipigwa vizuri, bila ubishi, ila hakudondoka hata mara moja. Wanaoshindwa hatua hiyo hupewa shaba.

Mama alipiga simu. "Umevunjika wapi?"

"Sijavunjika."

"Sema kweli."

"Jicho limevimba kidogo."

Mama akashusha pumzi ndefu, akakata simu bila kuaga.

"Mwakani utarudi?" mjomba aliuliza.

"Nitaogopa tena, Mjomba."

"Najua. Tukifika nyumbani tu, namtafuta seremala atujengee jukwaa."

Brashi aliweka kiganja kiunoni, akapima kwa macho umbali hadi sakafuni.