Hesabu ya Asubuhi

Mwanangu, umenikumbusha siku moja ambayo sipendi kuikumbuka. Umetoka Bweri na kompyuta yako kunionyesha hesabu ya moshi wa moto wa nyika, na upepo umeuchora kwa mshale mmoja tu, kutwa nzima. Nimekuuliza umeupima lini, unaniambia juzi. Jamani!

Na mimi nilikuwaga hivyohivyo. Enzi za vijiji vya ujamaa nilirudi kwetu Bunda, upande wa ziwani, na hesabu za chuo zimenijaa kichwani. Kijiji kilikuwa kinachoma miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, tukiwa tumeirundika nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, nyumba ya nyasi. Alfajiri nikapima upepo kwa kitambaa kwenye fito. Ulikuwa unakwenda ziwani. Nikapiga hesabu: joto linanyanyua moshi, upepo unaulaza, cheche zitaanguka hatua kadhaa kuelekea majini, mbali na nyumba. Mwenyekiti akafurahi, akanisifu mbele ya watu.

Zikaja hotuba. Unazijua hotuba za wakati ule? Tulipowasha moto jua lilikuwa la utosi. Shangazi akanishika mkono, akasema upepo wa ziwa umeshaingia, tusubiri kesho. Kitambaa changu kilikuwa palepale kwenye fito, kinapepea kuelekea kwake, na mimi sikugeuka hata kukitazama. Nikamwambia, "Shangazi, hesabu haibadiliki."

Moshi ukalala juu ya paa lake. Cheche zikafuata. Alitoka na kigoda na mtungi, basi. Mbegu za mtama zilibaki ndani.

Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alisema tu, "Baba, hesabu yako ilikuwa ya asubuhi. Nyumba yangu imeungua mchana."

Nilimjengea nyingine kwa mikono yangu. Kila siku, kabla sijagusa nyasi, alinituma nikaandike upepo: asubuhi, mchana, jioni. Hapo ndipo nilipoijua hesabu ya moshi.

Kwa hiyo funga hicho chombo, utoke nje. Pima upepo saa ileile ya moto, nao ukigeuka, anza hesabu upya bila kuona haya. Na mtu wa hapo akikwambia subiri, subiri! Mungu akubariki, mwanangu, akupe kichwa chepesi kuliko changu, na ujifunze kabla hajaungua mtu yeyote.