Bibi Harusi Aliyepitia Majikoni

Harufu ya sabuni na nguo mbichi ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa Genova, Italia, nikimfuata binti mwongozaji aliyeinua mwavuli mwekundu ili sisi wageni tusimpoteze. Alituahidi pembe za mji ambazo watalii hawazijui, na kweli alitupitisha kwenye vichochoro ambavyo jua huingia kwa taabu, ngazi zilizolika kwa nyayo za watu, kisima nyuma ya kanisa, na mashuka yaliyotundikwa juu yetu yakitudondoshea maji vichwani. Wenzangu walipiga picha na kushangaa. Mimi nilicheka peke yangu. Nikajisemea, binti, hujui unayemtembeza! Matembezi ya namna hii niliyafanya Bujumbura nikiwa na miaka tisa, wakati wa vita, tena nimebeba chetezo cha ubani mkononi.

Tulikaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mtaa wa mafundi na wafanyabiashara, ambako asubuhi ilinuka kahawa, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga na mafuta ya gereji. Miaka ile zilikuwapo siku ambazo watu walisema mji umekufa: vijana tusiowajua walifunga barabara kwa mawe na matairi ya moto, na anayetoka alitoka na roho yake mkononi. Harusi ya dada yangu Zaina ilikwisha kuahirishwa mara mbili kwa sababu hiyo. Mama Salumu, mama wa bwana harusi, alikuwa ametuma neno kwamba mara ya tatu si bahati mbaya tena, ni mkosi. Zaina asipofika kwake siku hiyo kabla ya alasiri, tuagane kwa heri. Baba na sheikh walitangulia huko tangu alfajiri. Jua lilipopanda, barabara kubwa ikafungwa. Gari letu lenye riboni likabaki mlangoni, na Zaina, hina imemkolea mpaka viwiko, akalia hadi wanja ukamwagika. Nilimwonea huruma hata nikasahau kuogopa.

Hapo ndipo aliposimama shangazi Hadija, mpishi wa harusi za mtaa mzima, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya ziwa. Hakuna jiko la Buyenzi ambalo hakuwahi kuchochea moto wake. "Barabara wameifunga," akasema. "Na majiko, nani ameyafunga?" Mama akaruka. Kwetu bibi harusi hutoka kwa mlango wa mbele, watu wakimwona. Mlango wa nyuma, unaotokea jikoni uani, ni wa kumwagia maji machafu. "Apana, Hadija! Mutoto wangu atoke na mulango wa nyuma kama mwizi?" Shangazi akamtazama. "We, unataka mulango ao unataka arusi?" Mama akafunga kitambaa chake kichwani kwa nguvu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukatoka.

Yalaiti mngetuona! Shangazi mbele, mimi na chetezo, Zaina chini ya shela, mama nyuma akinung'unika. "Hodi, wenye nyumba! Tuko na arusi!" Uani baada ya uani tukakaribishwa, tukainama chini ya kamba za nguo, tukaruka vinu na mabeseni ya maharage. Na shangazi alitueleza kila pembe, kana kwamba hakuna vita: "Apa babu yenu alikuwa anashona kanzu. Uyu mupapai alipanda bibi mumoja wa Ujiji, alikuwa muchoyo, ata matunda yake ni machungu." Zaina akacheka ndani ya shela, mara ya kwanza siku ile. Huyu alitumwagia marashi, yule akaepua chungu chake akatufuata. Tulipofika kwenye kijia kilicho wazi, tukasikia mawe yakigonga mabati karibu, tukasimama. Mama mmoja Mkristo, aliyekimbia vita mtaa wa Kinama na wanawe na kulala uani kwa watu, hana hata sufuria yake, akavua kitenge chake cha juu akakitandaza hewani. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Zaina akavuka katikati ya kuta mbili za vitenge, na hakuna jicho baya lililomwona. Hakuna aliyetuuliza kabila wala dini. Waliuliza tu kama tumekula.

Mama Salumu alikuwa langoni kwake, mikono kiunoni, akiitazama barabara. "Hodi uku nyuma!" shangazi akanguruma. Mama Salumu akageuka, akamkuta bibi harusi kando ya sufuria la pilau, na nusu ya Buyenzi nyuma yake. Akamtazama Zaina juu hadi chini, akachukua mwiko, akamkabidhi. "Umeingilia jikoni? Basi nyumba ni yako." Wallahi, vigelegele vilivyopigwa pale! Adhana ya alasiri ilitukuta tunacheza.

Kule Genova matembezi yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo, lakini kila mlango tuliopita ulikuwa umefungwa. Buyenzi nako kuta zimepanda siku hizi, na juu yake vigae vya chupa. Basi binti wa Zaina alipoolewa juzi, barabara nyeupe haina jiwe, magari yenye riboni yamepangwa, sote tukamngoja kwenye mlango wa mbele. Akaja amebeba viatu mkononi. "Apana," akasema, "mi napita mu majiko." Majirani wakaanza kutafuta funguo za milango yao ya uani.