Hatua Kumi na Mbili za Tuta

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na wachuuzi wa ng'ombe walipoanza kufika mpaka vijijini, kijiji chetu karibu na Sepuka kilijenga tuta la udongo ili maji ya korongo yasiingie kwenye nyumba. Kila kaya ilipimiwa hatua zake. Unajaza udongo, unaulowesha, kisha unaswaga ng'ombe wako waukanyage siku tatu, mpaka ukichomeka fimbo isizame. Mwenyekiti wa tuta alipenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulimchoka.

Sisi tulipewa hatua kumi na mbili. Nyuma ya sehemu yetu, bondeni, alikaa shangazi yangu, mjane, peke yake kwenye tembe yake ya udongo. Baba alikuwa na ng'ombe wanane, lakini alikwisha kumwahidi mchuuzi kwamba atamuuzia, maana naye alitaka nyumba ya bati kama watu. Ng'ombe wakishinda kwenye tope watakonda, alisema, akaniambia nishindilie kwa miguu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba. Nilikanyaga asubuhi mbili, nikachoka.

Mwenyekiti alipopita aliniuliza kama ng'ombe wetu wamekanyaga. Nikamwambia wamekanyaga. Hakuchomeka fimbo, kwa heshima ya baba. Nyumba ya shangazi nilikuwa naiona pale niliposimama. Nilitaka tu kwenda kuoga.

Mvua ya Januari ilikata tuta mahali pamoja tu, kwetu. Shangazi alikuwa shambani, akapona. Tembe iliyeyuka pamoja na mahindi yake yote na mbuzi wawili. Nilisimama nikitazama mlango wake unavyoelea, na sikuhisi kitu. Niliwaza viatu vyangu vilivyolowa.

Kikaitishwa kikao. Kaya iliyozembea ingetengwa: hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuzikia. Baba aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alikuwa ananigeukia niulizwe, shangazi akasimama, amejifunga kanga ya kuazima.

"Ng'ombe wa kaka yangu niliwaona kwa macho yangu," alisema. "Walikanyaga siku zote tatu. Maji yamenishinda mimi, msitafute mtu."

Nadhani wote walijua. Lakini nani atabishana na aliyepoteza nyumba? Kikao kikafungwa, watu wakaenda kupalilia.

Shangazi alihamia kwetu, chini ya bati jipya la baba, akalala chumba kimoja nami miaka sita. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamjibu nimelala vizuri. Habari ya tuta hakuigusa hata siku moja, wala mimi sikuianza.

Alipofariki, wanawake walinishika mabega huku na huku, wakidhani nitaanguka. Sikuanguka. Miaka yote sita nilikuwa nangoja anigombeze ili nipate kulia. Hakunigombeza, na mpaka leo sijalia.