Ufa Nyuma ya Kalenda

Harufu ya chokaa inapomwagiwa maji wengi hawaipendi. Huwakereketa koo, wakasogea mbali. Mimi huniingia tumboni. Mwezi uliopita jirani yangu alikuwa analoweka chokaa kwenye pipa lililokatwa nusu, ikawa inatokota yenyewe bila moto, na mvuke wake ukanikuta uani naanika nguo. Nilishtukia nimeacha nguo kwenye beseni, nimesimama naukagua ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, natafuta kama una ufa. Nina umri wa kuitwa shangazi na watu wenye ndevu, lakini tabia hiyo haijanitoka, na leo nataka nikwambie ilianzia wapi.

Nilikulia Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ambayo waliopima mji hawakujisumbua kuitafutia majina, wakaipa namba. Sisi tulikuwa Barabara ya Kumi na Tano. Kwenye kona yetu palikuwa na jengo refu la mawe ya matumbawe, kuta zake nene kiasi kwamba nikiwa na miaka tisa niliweza kukunja miguu na kukaa mzima mzima ndani ya dirisha. Zamani lilihifadhi mbata, yaani nazi zilizokaushwa zikingoja kukamuliwa mafuta. Biashara ya mbata ilipokufa mwenyewe alitia kufuli akahamia Pangani, lakini watu waliendelea kuliita Ghala la Mbata. Siku za jua kali kuta zilitoa harufu ya mafuta yaliyochacha, na panya wa mle walikuwa wanono, manyoya yanang'aa, wakitembea mchana kweupe bila haraka.

Kona ile ilikuwa ya kupitwa mbio. Wavuta bangi walishavunja mlango wa nyuma, taka zilitupwa pale, na baada ya alasiri hakuna aliyemtuma mtoto dukani kupitia upande huo. Bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu, ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Aliniagiza nipite ng'ambo ya barabara na nisiangalie.

Mama hakuwa akikaa nasi. Alikuwa Muheza, akichambua machungwa na kuyapakia kwenye malori, akilala chumba cha kupanga na wanawake wenzake. Alikuja Alhamisi jioni na kuondoka Jumamosi alfajiri, mimi nimelala. Kwa hiyo nilikuwa na mama wa siku moja na nusu kwa juma. Jumamosi nilikuwa naamka nanusa mto aliolalia, na kama bibi amewahi kuufua, nilinuna mpaka Jumapili. Sikumwambia mtu sababu.

Lililonirudishia mama ni lile ghala. Yeye na wenzake wanne wenye vyerehani walisafiri mpaka Pangani kumwomba mwenye ghala awaachie walitumie kushonea nguo. Mzee yule akakubali, ila kwa sharti. Wasafishe, wakae, walitunze, lakini siku mkaguzi wa majengo atakaposema ni bovu, atamuuzia mtu mmoja aliyekuwa akimfuata kila mara, ambaye alitaka kulibomoa apaegeshe malori. Mama alipomsimulia bibi habari hiyo nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango. Furaha ya kwamba mama anarudi na hofu ya lile sharti viliniingia pamoja, na havikuachana tena.

Ukaitishwa msaragambo, kwa desturi ya watu wa Bonde na Usambara ambayo nasi mjini tulikuwa tumeizoea: kila nyumba itoe mtu na chombo cha kazi. Siku tatu watu walifagia, walimwaga maji, walifukuza panya. Mbele vikawekwa vyerehani, na chumba cha nyuma kikawa chekechea, kwa sababu wanawake wale walikuwa na watoto wadogo na hawakuwa na pa kuwaacha; punde mama wengine wa mtaani nao wakaanza kuleta wao. Basi kona ikabadilika bila mtu kuipangia. Muuza kahawa alihamishia birika lake barazani kwetu. Wazee wakamfuata muuza kahawa. Mwanamke wa vitumbua akawafuata wazee. Haukupita muda mrefu, nikaanza kutumwa dukani hata magharibi, na bibi huyohuyo ndiye aliyenituma.

Sasa sikiliza kosa letu. Kwetu Ramadhani haiingii ukuta ukiwa mchafu. Siku za mwisho za Shaabani kila nyumba hupakwa chokaa. Lakini mwaka ule wanawake wa ghala walikuwa na fahari mpya, na chokaa ikaonekana ni ya wanyonge. Walitaka lipu ya simenti. Fundi Mhina, Mbondei aliyezeeka kwenye kazi ya mawe na aliyekuwa akinywa kahawa pale kila siku, alijaribu kuwazuia.

“Ukuta huu ni wa chokaa, mama zangu,” alisema. “Maji yanaingia, yanatoka. Mkiuvika simenti, yakiingia hayatoki.”

“Mhina, wewe wataka tuishi kama enzi za Mjerumani,” bibi akamjibu, na watu wakacheka mpaka mzee wa watu akainamia kikombe chake.

Nami nilicheka. Lipu ikapigwa, ikapakwa rangi ya kijani, na kwa mwezi mzima wapita njia walisimama kuisifu. Kisha masika yakaja. Ukuta ukaanza kutoka jasho. Rangi ilivimba malengelenge, na ukiligusa moja linapasuka, ndani unga mweupe wenye chumvi. Watu wazima walisema ni unyevu tu, utakwisha.

Ufa niliuona mimi. Kazi yangu nikirudi shule ilikuwa kufagia chekechea watoto wakishaondoka. Siku moja nikainua macho, nikauona ukianzia kona ya chini ya dirisha, juu ya mkeka wa watoto, urefu wa kidole changu. Nilijua palepale maana yake. Ufa ni ubovu, ubovu ni mkaguzi, mkaguzi ni malori, na malori ni mama kurudi Muheza. Nikatoka nje na ufagio mkononi, nikamsikia mama anacheka na wenzake huku vyerehani vinakwenda, nikaapa moyoni kwamba hatajua mtu.

Nilianza kwa kuuziba. Nilichukua unga wa ngano wa bibi, nikaukanda kwa maji, nikaujaza kwenye ufa kwa kidole na kulainisha juu kama nilivyowaona mafundi wakifanya. Nilijiona hodari. Kesho yake mchana nikakuta sisimizi wamejipanga juu ya ufa mstari mmoja mweusi, toka mwanzo mpaka mwisho, hata asiye na macho angeuona. Niliwafagia. Nikakimbilia nyumbani kuchukua kalenda ya ukutani yenye picha ya Makka, nikaitundika pale kwa msumari. Kila mtu aliisifu, kwamba nimewapambia watoto darasa lao.

Tangu hapo sikuwa na raha. Kila Ijumaa nilifunua kalenda na kuweka alama ya penseli pale ncha ya ufa ilipofika. Ijumaa hii hapa, Ijumaa ijayo chini yake. Shuleni nilikuwa nayasikia masomo kwa mbali. Mvua ikipiga bati nilihesabu pumzi. Nilipunguza kula, bibi akanipa maji ya mwarobaini akidhani nina minyoo, na niliyanywa yote, uchungu wote, kwa sababu kukataa kungeleta maswali.

Mambo mengine niliyaona bila kuyaelewa. Mama alianza kuingia chekechea kila asubuhi na kuvuta mkeka kidogo kuelekea mlangoni. “Sogeeni kwenye mwanga,” aliwaambia watoto. Bibi, ambaye hakuwahi kupenda kukaa ghalani, alianza kuleta kibao chake cha mbuzi na kukuna nazi nje, upande wa nyuma, karibu na pipa la maji. Nilifikiri amechoka kukaa peke yake.

Halafu zikaja habari kwamba mkaguzi anazunguka mitaa yetu na kopo la rangi nyekundu. Barabara ya Kumi na Mbili alishachora X ya kubomolewa kwenye nyumba mbili. Nilikwenda kuziona. Rangi ilikuwa imechuruzika kutoka kwenye zile X mpaka chini, na kwenye moja ya nyumba mwanamke alikuwa anaendelea kupika mlangoni kana kwamba hakuna kitu. Nilirudi mbio na kulala na sare ya shule.

Ukuta haukumngoja mkaguzi. Asubuhi moja ya likizo watoto walikuwa barazani wanakunywa uji, mimi nawagawia vikombe, tukasikia kishindo na vumbi likatoka mlangoni. Bamba zima la lipu, kubwa kuliko mlango, lilikuwa limebanduka na kuanguka juu ya mkeka. Hakukuwa na mtoto ndani. Mama alipita katikati yetu, akaingia, akatoka, akawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa mmojammoja, akarudia, akarudia tena. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kazi.

Fundi Mhina aliitwa, akaja, na nitamheshimu daima kwa kuwa hakusema, “Niliwaambia.” Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza. Akafunua kalenda yangu. Lipu ya sehemu ile ilikuwa bado imeshika, na alama zangu za penseli zilikuwa pale zote, zimepangana.

“Nani anapima hapa?” akauliza.

Nilisema ni mimi, na nikalia. Nilingoja kofi. Badala yake nikaona mama anatazama juu, siyo chini. Mhina akafuata macho yake, akapanda kiti, akasogeza pazia la dirisha. Kwenye kona ya juu ya dirisha palikuwa na ufa mwingine unaopanda, na kando yake vistari vya waridi, vya chaki ya kukatia nguo. Bibi akakohoa kidogo, akatuongoza nje mpaka kwenye pipa la maji, akalisukuma kwa nyonga. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na ufa wa tatu na vistari vya mkaa.

Mhina alizipenda alama zile kuliko sisi. Aliniuliza nimeweka lini, nikasema kila Ijumaa, akataka nimweleze kila Ijumaa mvua ilikuwaje. Akashusha timazi, uzi wenye uzito nchani, kutoka juu, ukanyooka sambamba na ukuta. Mkaguzi alipofika siku ya pili alikuta simenti yote imebanduliwa isipokuwa penye alama, na mawe yako wazi yanakauka, na Mhina akamwonyesha: ufa ulikwenda na mvua, mvua ilipokatika nao ukasimama, na ukuta haujainama. Mkaguzi alisukuma jiwe kwa kidole gumba. Alitazama alama muda mrefu. Akasema chumba cha nyuma kifungwe, kijengewe kwa chokaa kama kilivyozaliwa, naye atarudi baada ya Idi ya kuchinja. Kopo lake aliondoka nalo bila kulifungua.

Chokaa ilikuja kwa magunia kutoka Pangani, ikalowekwa kwenye mapipa barazani, na mtaa mzima ukabeba ndoo. Mama hakurudi Muheza. Ghala lipo mpaka leo, vyerehani vimeongezeka, na kuna sheria waliyojiwekea wanawake wale: kila Alhamisi waliomo wote huzunguka kuta pamoja, na anayeona kitu hukisema kwa sauti.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kwa kuchekesha. Watu wanapenda sana pale kwenye sisimizi, na pale bibi anaposukuma pipa kwa nyonga. Nami nilikuwa naimalizia kwa kusema jinsi tulivyopendana, watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja akibeba hofu peke yake ili mwenzake asiibebe. Niliamini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mpaka siku nilipompeleka mwanangu wa kwanza chekechea. Mwalimu alimpokea mlangoni, akamvua viatu, akamshika mkono, na mtoto akaenda bila kugeuka. Nilibaki nimesimama, nikawaza kama kuna jambo kuhusu chumba kile ambalo mwalimu huyu analijua na mimi silijui. Jioni nilikwenda kwa mama. Nilimuuliza kama alijua ukuta ungeweza kuanguka. Hakujitetea.

“Nilijua,” alisema. “Nikawa naomba iwe ni rangi tu inayobanduka.”

Nilikuwa nimemuogopa mkaguzi, nimeyaogopa malori, nimeiogopa Jumamosi alfajiri. Mama naye, najua, aliogopa kuniacha tena. Bibi aliogopa kutupoteza sote wawili. Katika hofu zote hizo hamkuwa na hata moja ya kuwahofia wale waliokaa kwenye mkeka. Walikuwa ishirini na watatu, nawajua kwa majina. Kila asubuhi mama zao waliwaleta wamepakwa mafuta, wakatukabidhi, wakaenda zao na amani, na sisi tuliwapokea mlangoni tukitabasamu, tukijua.